Babu Alifungiwa Geti

Nilipokuwa mwaka wa pili pale Mlimani, kuna kitabu kilikuwa kinapita mkono kwa mkono bwenini kwetu, hakina jalada, kurasa zimejaa mistari ya kalamu za watu watano tofauti. Ni kile cha Profesa Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania, kilichotoka mwaka 1976. Mimi nilikisoma kama mtu anayesoma riwaya. Sehemu iliyonikosha kuliko zote ni ile ya wafanyakazi wa viwandani kati ya mwaka 1971 na 1973, walivyokuwa wanafunga mageti na kuwaambia mameneja wao: wewe kwetu basi, nenda nyumbani. Nilishangilia peke yangu kitandani. Nadhani kijana yeyote wa miaka 21 mwenye deni kwa mama ntilie atashangilia akiisoma.

Miaka minne baadaye babu yangu mzaa baba akafariki. Siku ya arobaini, watu wameshakula pilau na wameanza kuaga, mzee mmoja mwenye kibarghashia na bakora akaja kukaa kwenye mkeka karibu yangu. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akauliza mimi ni mtoto wa nani, nikamtajia. Akanitazama kwa muda, kisha akasema taratibu, kama anayeniambia habari ya mvua:

"Babu yako mwaka sabini na tatu sisi tulimfungia geti, mjukuu wangu. Kufuli nililishika mimi."

Ndugu msomaji, sikujua niseme nini. Nyumbani kwetu tulikuwa tunajua kwamba babu alifanya kazi kiwandani, Barabara ya Pugu (ndiyo hii tunayoiita ya Nyerere sasa), akiwa meneja utumishi, halafu "akahamishwa" kwenda mkoani. Hilo neno akahamishwa lilikuwa linasemwa haraka haraka na mazungumzo yanahama nalo. Sasa nikaelewa kwa nini.

Tangu siku ile nimekwenda kwa yule mzee, Yombo, mara tano au sita. Nimesoma tena vile nilivyovisoma chuoni, safari hii bila kushangilia. Kiwanda sitakitaja, na mzee sitamtaja, maana wenye watoto wapo hai. Lakini kipindi chenyewe nataka tukiongelee, kwa sababu sisi vijana tunakijua kwa nyimbo za Azimio na kwa lawama za miaka ya themanini, na pale katikati, ambako watu walikuwa wanaamka asubuhi na kwenda kusimamia watu wenzao, hatupajui.

Hebu turudi nyuma.

Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha likatangazwa. Kesho yake mabenki yakataifishwa. Siku chache baadaye zikafuata kampuni za usagishaji na za biashara ya nje, na Serikali ikatangaza kwamba itachukua hisa nyingi zaidi katika viwanda kama vya bia, sigara, viatu vya Bata, makopo ya Metal Box na saruji. Kwenye karatasi ni jambo la wiki moja. Swali lililobaki lilikuwa dogo na baya: nani ataviendesha?

Mwalimu mwenyewe baadaye alipenda kukumbusha kwamba nchi ilipopata uhuru ilikuwa na wahandisi 2 na madaktari 12. Wa kuendesha benki au kiwanda wangetoka wapi? Chuo Kikuu chetu kilianza mwaka 1961 na kitivo kimoja tu, cha sheria. Chuo cha IFM cha mambo ya fedha na kile cha uongozi cha IDM Mzumbe vilianza mwaka 1972, yaani miaka mitano baada ya Azimio. Tulinunua gari kwanza, shule ya udereva ikafunguliwa baadaye.

Kwa hiyo ngazi ya juu kabisa ilishikwa na wachache. Amon Nsekela akapewa NBC, benki mpya iliyoshonwa kutokana na mabenki ya kigeni yaliyotaifishwa, huku maofisa wengi wa kizungu wakifungasha mizigo. George Kahama alikuwa NDC, shirika lililobeba viwanda vingi vya umma. Na kwenye viwanda vingi wale wenye mali wa zamani walibakizwa kwa mikataba ya uendeshaji: hisa za Serikali, funguo za Mzungu. NDC hiyohiyo iliita washauri wa McKinsey kutoka Marekani waje kuipanga, na kampuni hiyo ndiyo iliyoshiriki pia kuchora mpango wa madaraka mikoani wa mwaka 1972. Nchi ya ujamaa inashauriwa na McKinsey! Chuoni tulicheka sana kuhusu hilo. Siku hizi sicheki sana, maana aliyekuwa na kiwanda mikononi na hana mhasibu angemwita yeyote.

Tatizo la meneja mkuu wa wakati ule halikuwa uhaba wa watu peke yake. Alikuwa na mabwana wengi. Bodi inataka faida. Wizara inataka aajiri vijana zaidi. Kamati ya SCOPO, iliyoundwa mwaka 1967, inapanga mishahara na marupurupu ya mashirika ya umma, hivyo hawezi kumwongezea fundi mzuri anayetaka kuondoka. Kuanzia mwaka 1973 ikawepo na Tume ya Bei, ikimwambia auze kwa shilingi ngapi. Akitaka vipuri, fedha za kigeni zinaombwa Benki Kuu. Na juu ya yote hayo yupo chini ya masharti ya uongozi ya Azimio: hakuna mishahara miwili, hakuna hisa, hakuna nyumba ya kupangisha. Lakini meneja mkuu alikuwa na faida moja kubwa. Alikuwa mbali. Yule mzee wa Yombo anasema katika miaka yake mitatu ya mwanzo kiwandani alimwona meneja mkuu mara mbili, zote akiwa ndani ya gari.

Aliyekuwa karibu alikuwa babu.

Hapa ndipo ninapotaka tukae. Chukua mtu wa miaka 34, amesoma mpaka darasa la 12, amekuwa karani wa Serikali, amepelekwa kozi ya miezi kadhaa, amerudi amekabidhiwa ofisi yenye kapeti na mamlaka juu ya watu 400. Sheria aliyonayo mezani ni ile ya Usalama Kazini ya mwaka 1964, iliyoweka kanuni za nidhamu: kosa hili onyo, kosa lile kukatwa mshahara, lile jingine kufukuzwa. Sheria hiyohiyo iliweka kamati ya wafanyakazi kila mahali penye watu wa kutosha, ili mwajiri asiamke tu na kumfukuza mtu. Ni sheria nzuri kwa kweli. Lakini maana yake ni kwamba kila adhabu inapita kwenye meza ya meneja utumishi na kutoka na sahihi yake. Amri inatoka juu bila jina, inafika chini ikiwa na jina la babu.

Wafanyakazi nao walikuwa na chama kimoja tu, NUTA, kilichoundwa mwaka 1964 baada ya maasi ya jeshi na kuvunjwa kwa vyama vya zamani. Katibu Mkuu wake wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa hapohapo Waziri wa Kazi. Sasa wewe una malalamiko dhidi ya shirika la Serikali, unayapeleka kwa chama ambacho kiongozi wake ni waziri wa Serikali. Migomo ilikuwa imebanwa na sheria tangu mwaka 1962. Mwaka 1970 ukaja Waraka wa Rais Namba 1 ulioanzisha mabaraza ya wafanyakazi kwenye mashirika ya umma, lakini kazi ya baraza ilikuwa kushauri, neno la mwisho likabaki kwa uongozi na bodi. Mzee wa Yombo aliwahi kuwa mjumbe. Nilipomwuliza walikuwa wanajadili nini akajibu: "Chai. Tulijadili chai ya saa nne mwaka mzima."

Halafu ikaja Februari 1971.

Mwezi mmoja nyuma, tarehe 25 Januari, Idi Amin alikuwa amempindua Obote hapo Uganda. Novemba ya mwaka 1970 Wareno walikuwa wamevamia Guinea. TANU ikashtuka. Halmashauri Kuu ikakaa na kutoa Mwongozo, waraka mfupi ambao kwa sehemu kubwa unahusu ulinzi wa nchi na mgambo. Lakini ndani yake kuna ibara ya 15. Ibara hiyo inasema, kwa maneno yangu, kwamba kiongozi wa Tanzania ni marufuku kuwa na kiburi, ufujaji, dharau na uonevu, na kwamba lazima usawa ujengwe kati ya anayeongoza na anayeongozwa.

Waandishi wa Mwongozo walikuwa wanafikiria jeshi la Amin. Wafanyakazi wa Dar es Salaam waliposoma ile ibara waliwaona mameneja wao. Kijitabu kikawa kinatembea mfukoni mwa ovaroli. Mtu akitukanwa na msimamizi anakitoa, anafungua, anasoma kwa sauti. Kwa mara ya kwanza maneno ya chama kilichoshika dola yalikuwa upande wa mtu wa chini, tena kwa Kiswahili chepesi ambacho hakikuhitaji mwanasheria.

Migomo ikaanza. Ukiitazama vizuri, mingi haikuwa ya mishahara. Ilikuwa ya lugha. Meneja amemwita mtu mjinga mbele ya wenzake, amekataa ruhusa ya msiba, amekagua wanawake getini kwa namna isiyofaa. Shivji na Pascal Mihyo, ambao waliandika wakati mambo bado ya moto, wote wanaonyesha jinsi madai ya heshima yalivyotangulia madai ya fedha. Na katika visa vingi aliyelengwa alikuwa meneja utumishi. Hawakumfuata meneja mkuu, wala Mzungu wa mkataba wa uendeshaji. Kufikia katikati ya mwaka 1973 mambo yalipanda daraja: kwenye kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, ambacho kilikuwa mali ya mtu binafsi, wafanyakazi walimtoa mwenye mali na wakaendelea kuzalisha wenyewe.

Kwenye kiwanda cha babu ilikuwa mwezi huohuo wa Juni. Namwachia mzee.

"Kulikuwa na jamaa yetu mmoja wa idara ya kufungasha. Akafiwa na mtoto. Akaenda kuzika kwao Rufiji, akakaa siku sita. Ruhusa ilikuwa siku tatu. Aliporudi babu yako akamwambia alete karatasi ya kifo. Rufiji, mjukuu wangu, mtoto kafia nyumbani, karatasi ataitoa wapi? Akakatwa siku tatu na barua ya onyo la mwisho. Tukakaa kantini zamu ya mchana. Mmoja akasoma ibara ya 15. Hakuna aliyesema tugome. Tulinyanyuka tu."

Asubuhi babu alipofika akakuta geti limefungwa kwa ndani. Mashine zinafanya kazi, wamo ndani wanazalisha kama kawaida. Yeye peke yake ndiye hatakiwi. Alikaa nje siku mbili na mkoba wake. Siku ya tatu wakaja watu wa Wizara ya Kazi, wa NUTA na wa TANU mkoa, wakahutubia, wakaahidi, geti likafunguliwa. Babu akahamishiwa tawi la mkoani. Wafanyakazi wawili walioongea sana wakafukuzwa. Mzee aliponea kwa sababu hakuna aliyeandika jina lake.

Nilimwuliza kama babu alikuwa na kiburi kweli. Akafikiri.

"Alikuwa hacheki," akasema.

Halafu akanieleza jambo ambalo mpaka leo silimudu. Siku ya pili ya kufungiwa ilikuwa Ijumaa ya mshahara. Orodha za malipo zilihitaji sahihi ya meneja utumishi, la sivyo mtunza fedha hatoi hata senti. Wakapeleka karatasi nje kwa kupitia upenyo wa geti. Babu akaziweka juu ya boneti ya gari la mtu, akazisaini moja moja, watu 400, akazirudisha. Wakalipwa. Na geti wakaliacha limefungwa. "Sijui kwa nini alisaini," mzee aliniambia. "Mimi nisingesaini."

Sasa tushuke ngazi ya chini, kwa sababu mzee naye alipanda. Mwaka 1975 alifanywa msimamizi wa zamu. Yaani nyapara.

Hili neno lina safari yake. Karne ya kumi na tisa wanyampara walikuwa vinara wa misafara iliyokwenda Tabora na Ujiji, watu wa kuheshimiwa, wanaojua njia na maji. Mjerumani akalichukua, Mwingereza akalipeleka kwenye mashamba ya mkonge na kwenye magereza, na kufikia uhuru nyapara alikuwa ni yule mwenye fimbo. Likawa tusi. Mwongozo ulipotoka, "unyapara" ndilo neno walilotumia kumsema kiongozi mbaya. Lakini kiwanda bado kilihitaji mtu wa kusimama kwenye mstari na kusema mashine namba 6 imesimama, wewe njoo hapa.

Hali nayo ilikuwa imegeuka. Mafuta yalikuwa yamepanda bei tangu mwisho wa mwaka 1973, ukame ukaleta njaa mwaka 1973 na 1974, Serikali ikawa inanunua nafaka nje. Hotuba zikabadilika: badala ya heshima ya mfanyakazi yakaja maneno ya nidhamu kazini na uzalishaji. Ibara ya 15 haikufutwa, ila ukiisoma kwa sauti unaitwa mkorofi. Mzee, aliyeshika kufuli, sasa alikuwa anaandika majina ya wachelewaji. Anasema mabasi ya UDA yalikuwa hayaji, kila mtu anachelewa, yeye mwenyewe anachelewa, na anaandika. Vijana walimwita nyapara. Nyumbani kwake alikuwa anapokea nyongeza ndogo ya shilingi kadhaa kuliko wao, na hakuwa na ofisi wala kapeti wala sahihi. Ukimwonea huruma mtu, wa juu wanakuuliza. Ukimwandika, unapanda naye basi moja jioni.

Yaliyofuata mnayajua, sitayarefusha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa mwaka 1977, vita ya Kagera ikaanza mwaka uliofuata, fedha za kigeni zikaisha. Mwanzoni mwa miaka ya themanini viwanda vingi vilikuwa vinafanya kazi chini ya theluthi moja ya uwezo wao, na msimamizi alikuwa anasimamia watu wanaofagia. Mwaka 1983 Sokoine akawasaka wahujumu uchumi, na mameneja wengine wa mashirika wakaacha kulala usingizi. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 likalegeza masharti ya uongozi, mwaka 1992 ikaundwa PSRC kurekebisha na kuuza mashirika ya umma, ambayo yalikuwa yamefikia karibu 400. Kiwanda cha babu kikauzwa. Leo ni ghala.

Kwa nini nimeandika yote haya? Sababu yenyewe ni ya aibu kidogo. Mwezi uliopita, kwenye gazeti ninalofanyia kazi, nilikaimishwa meza ya habari kwa wiki tatu. Siku ya nne nikaletewa barua ya onyo niisaini, ya mwenzangu niliyeanza naye kazi, aliyekosa zamu mbili kwa sababu mama yake alilazwa. Barua ilikuwa imeshachapwa. Jina la aliyeiagiza halimo. Chini kuna mstari wenye jina langu, na chini yake "Nakala: Mhariri Mtendaji, Meneja Rasilimali Watu". Niliizungusha mezani mpaka saa mbili usiku. Nikaisaini. Mwenzangu ananiamkia bado, ila sasa ananiita bosi, na hanitanii.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kwa bibi nikaomba kufungua sanduku la babu. Alikuwa mtu wa kutunza karatasi. Nakala za kaboni za barua za onyo, zimefungwa kwa uzi mweupe, mwaka kwa mwaka. Ya Juni 1973 ilikuwepo. Ukurasa mmoja, imenyooka, haina tusi wala huruma: kwa mujibu wa kanuni, siku tatu, onyo la mwisho. Chini: "Nakala: Meneja Mkuu, Katibu wa Tawi, TANU".

Niliipeleka Yombo. Mzee aliishika mbali na macho, akaisoma yote, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu. Hakukuwa na kitu.

"Kiswahili chake kilikuwa kizuri," akasema, akanirudishia.